Jibu: Kasuku waliotoroka Malindi

Ndugu, umeuliza iwapo kasuku wawili wa kijani wa aina ya kasuku wa pete (ring-necked parakeet) waliotoroka tunduni mwa jirani yako hapo Malindi wanaweza kuzaliana. Watazame shingo kwanza: kwa kasuku wa jamii hiyo, pete nyeusi yenye wekundu huota kwa dume aliyekomaa tu, hivyo wote wawili wakiwa nayo, kizazi hakuna. Wakiwa dume na jike, hali ya hewa haitawazuia, kwani wenzao wamestawi hata London penye baridi; wanachohitaji ni shimo la mti, na mibuyu yetu inayo tele. Kasuku wageni kuzaliana hapa Kenya si jambo jipya: Naivasha tayari imejaa kasuku wadogo wa aina nyingine (lovebirds) wenye asili ya Tanzania, mchanganyiko wa aina mbili. Mimi ningehofia zaidi mahindi shambani, maana wakizaliana watayala.