Wasomaji Wanauliza: Zamu, Posho na Mtungi wa Oksijeni

Barua nyingi mara hii zimetoka kwa watumishi wa hospitali za mikoani. Tumechagua sita, na majibu yametolewa na muuguzi mfawidhi, katibu wa afya, mfamasia na fundi wa vifaa tiba. Wasomaji wa Tanzania wakumbuke kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, na ya halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Kwa hiyo barua mbili zenye dai lile lile zinaweza kupita milango tofauti.

Nasimamia wodi ya wazazi yenye wakunga tisa, nami nikiwemo. Nataka wawili kila zamu, lakini ratiba haifiki tarehe 15 kabla ya kuvurugika. Nakosea wapi?
*Muuguzi mfawidhi wa wodi, Sumbawanga*

Hujakosea, dada. Watu hawatoshi, na hesabu yake unaweza kuipiga nyuma ya karatasi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana siku 260 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28, ambazo ndani yake siku za kazi ni 20. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 12, na siku 10 za ugonjwa, misiba na semina. Zinabaki 218, mara saa 8, unapata saa 1,744. Nafasi moja isiyoachwa wazi usiku na mchana inataka saa 8,760 kwa mwaka, yaani watu watano. Nafasi mbili ni watu kumi.

Kwa siku moja, wakunga wako tisa wanakupa saa 43, na wewe unapanga saa 48. Hizo tano zinazopungua usipoamua wewe ziangukie wapi, zitajiangukia zenyewe, na mara nyingi huangukia usiku. Usiku ndipo pasipofaa kabisa. Mtoto akizaliwa bila kulia ana dakika moja ya kuanza kusaidiwa kupumua, na mkunga mmoja hawezi kushika ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) huku anakanda mfuko wa uzazi wa mama anayevuja damu.

Kwa hiyo panga hivi: wawili asubuhi kuanzia saa 1:30 hadi saa 8:00 mchana, mmoja kutoka hapo hadi saa 2:00 usiku, na wawili usiku hadi saa 1:30 asubuhi. Jumla ni saa 42, inabaki moja ya kukabidhiana wodi. Yule wa mchana apewe mhudumu wa afya, na jina la mkunga wa wodi ya jirani atakayeitwa mambo yakizidi liandikwe kwenye ratiba yenyewe. Kumtegemea "yeyote atakayekuwepo" ni sawa na kutomtegemea mtu. Mpango huu unasimama ukiwa nawe unaingia zamu kamili. Ukijitoa kwa ajili ya ripoti, oda na vikao, saa zinashuka hadi 38 na hapo huna hata mpango huo.

Halafu likizo. Watu tisa kwa siku 28 ni siku 252, kwa hiyo hata wakipishana vizuri, kwa zaidi ya theluthi mbili za mwaka kuna mtu mmoja hayupo. Wakienda wawili pamoja Desemba, ratiba imekufa hata kabla ya mtu kuugua. Kalenda ya likizo ifungwe Januari, na Desemba ipigiwe kura. Semina ndiyo mbaya zaidi, maana barua huja Ijumaa ikimtaka mtu Jumatatu. Weka kanuni kwamba wodi haitoi zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, likizo na semina zikihesabiwa pamoja, na muuguzi mkuu wa hospitali aisaini ili usiwe wewe unayemnyima mwenzio posho ya safari.

Ratiba ya mwezi ujao iwe ubaoni ifikapo tarehe 20. Usiku usizidi mara tatu mfululizo, na baada yake siku mbili za kupumzika. Kubadilishana zamu kuwe kwa maandishi, na saini tatu.

Mwisho, omba mkunga mmoja. Usiandike "tunaomba wauguzi wa kutosha", kwa sababu ombi hilo kila wodi inalo na halijibiki. Ambatisha hesabu hii pamoja na idadi ya waliojifungua usiku kwa miezi mitatu iliyopita kutoka rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya.

Mwenzetu alichomwa na sindano saa 7 usiku. CTC (kliniki ya huduma za VVU) ilikuwa imefungwa, akasubiri asubuhi. Ni sawa?
*Muuguzi, Katavi*

Si sawa. Aliyechomwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asipake spiriti wala jik. Amwarifu kiongozi wa zamu, tukio liandikwe na saa yake. Yeye apimwe VVU, na mgonjwa aliyetumiwa sindano hiyo aombwe ridhaa apimwe VVU na homa ya ini. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya tukio kama hili, zianze haraka, vizuri zaidi ndani ya saa mbili. Zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Hunywewa siku 28, na mtumishi hupimwa tena baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu.

Kufungwa kwa CTC usiku ni jambo linalojulikana mwaka mzima, kwa hiyo dozi za kuanzia za siku chache ziwekwe kwenye kabati la dawa za dharura la wodi au la wagonjwa wa dharura, na ufunguo uwe kwa kiongozi wa zamu. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Wengi hupata ya kwanza wakasahau ya tatu.

Sindano nyingi zinazochoma watu ni zile zinazorudishiwa kifuniko, au zinazosukumizwa kwenye boksi la usalama lililojaa. Boksi lifungwe likifika robo tatu. Na jina la aliyechomwa lisisomwe kwenye ripoti ya asubuhi.

Miezi mitano hatujalipwa on-call (posho ya kuitwa kazini nje ya zamu). Mganga mfawidhi anasema hakuna fedha. Ni kweli?
*Daktari, Kanda ya Ziwa*

Inawezekana ni kweli, lakini swali lako liendelee: kwa nini hakuna? Mshahara unatoka Hazina. On-call na masaa ya ziada, mara nyingi, hutegemea mapato ya ndani ya hospitali. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatibiwa kwa msamaha, na hao ndio wanaojaza wodi. Kinachobaki ni wanaolipa taslimu na wenye bima. Omba kwenye kikao cha watumishi takwimu moja tu: mwezi uliopita tulidai NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) kiasi gani, na kiasi gani kilikatwa?

Chukua fomu moja ya madai iliyokatwa uisome. Daktari ameandika malaria. Maabara imepima sukari. Dirisha la dawa limetoa omeprazoli. Kipimo na dawa hiyo havina ugonjwa wa kuvibeba, vyote viwili vinaondolewa. Pengine mgonjwa alikuwa na kisukari na vidonda vya tumbo na daktari anajua, ila hakuandika. Nyingine haina saini ya mgonjwa, au namba ya uidhinishaji imekosewa tarakimu moja, au siku za kulala wodini hazilingani na tarehe ya kuruhusiwa, au dawa imeandikwa na mtu ambaye kada yake hairuhusiwi kuiandika.

Karibu makosa yote haya yanarekebishika mgonjwa akiwa bado hospitalini. Yakigunduliwa mwisho wa mwezi, mgonjwa yuko kijijini kwake na saini haipatikani. Kwa hiyo fomu za jana zikaguliwe kila siku kabla ya saa 3 asubuhi na mtu anayejua tiba, si karani peke yake, na yenye kasoro irudi kwa aliyeijaza siku hiyo hiyo. Kiasi kilichokatwa kibandikwe kila mwezi kwa idara, bila majina. Katika hospitali nyingi daktari haoni kabisa fomu zake zilizokataliwa, halafu kila mtu anashangaa posho imeishia wapi.

Upande wako, linda deni lako. Malimbikizo hupita kwenye uhakiki, na dai lisilo na viambatisho halipiti. Weka nakala ya ratiba ya on-call iliyosainiwa, na daftari linaloonyesha saa uliyoitwa, saa uliyofika na namba ya faili la mgonjwa. Peleka kila mwezi, upokee nakala yenye muhuri. Dai la miezi mitano lililoandikwa kwa siku moja, kwa kalamu moja, huwatia wakaguzi shaka, hata likiwa la haki.

Tunaagiza seftriaksoni (antibiotiki ya sindano) Bohari ya Dawa kwa kufuata matumizi yetu, na kila mara inakwisha mapema.
*Mtunza stoo, Lindi*

Tatizo liko kwenye hayo "matumizi". Tuseme kwa siku 60 mlitoa vichupa 600, mkaagiza 600. Lakini katika siku hizo, 20 stoo ilikuwa tupu. Maana yake mlitumia 600 kwa siku 40, yaani 15 kwa siku, na mahitaji halisi ya siku 60 ni 900. Ukiagiza 600 umeagiza na upungufu wako pia, na ripoti ijayo itaonyesha tena kwamba mnatumia 600. Kabla ya kutuma ripoti na maombi kwenye mfumo, hesabu siku ambazo leja ilisoma sifuri, uziondoe kwenye kigawanyo. Ni kazi ya dakika chache kwa kila dawa, na ndiyo inayorukwa.

Bohari ikikosa dawa, dai taarifa rasmi ya kukosekana kwake siku ile ile, kwa kuwa bila hiyo huwezi kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, kwa utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Na ikiwa hesabu imerekebishwa na bado dawa inakwisha, linganisha leja ya stoo, rejista ya dirisha la dawa na mafaili ya wodini kwa wiki moja. Tofauti ikionekana, si suala la kuagiza tena.

Nitajuaje mtungi wa oksijeni utafika asubuhi? Na mashine yetu ya kuzalisha oksijeni inapiga kengele kila siku.
*Mhudumu wa zamu ya usiku, Kigoma*

Mtungi mkubwa wa lita 6,800 hujazwa hadi bar 137. Soma geji, gawanya kwa 137, zidisha kwa 6,800, kisha gawanya kwa lita unazotoa kwa dakika. Geji ikisoma 50, zimebaki kama lita 2,480. Kwa mgonjwa wa lita 5 kwa dakika ni dakika 496, saa nane na kidogo. Ukianza saa 2 usiku, saa 10 alfajiri mtungi umekwisha. Andaa wa pili kabla hujalaza mtu mwingine, na uufunge mnyororo ukutani. Penye kuvuja pima kwa povu la sabuni. Mafuta au grisi kwenye vali ni moto, hata tone.

Kuhusu mashine, anza na chujio la nyuma. Liosheni kila wiki kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Muwe na mawili ya kupokezana, la sivyo mtu atarudisha lenye maji. Mashine isimame sentimita 30 kutoka ukutani, na umeme wake upite kwenye stabilaiza. Msiipandishe kupita kiwango chake. Ya lita 5 ikilazimishwa zaidi, oksijeni inashuka chini ya ile asilimia 93 iliyotengenezewa. Kichanga anahitaji nusu lita hadi lita moja, kwa hiyo yenye kigawanyaji kizuri huhudumia vichanga wanne. Mashine iliyokaa stoo miezi bila kuwashwa, hasa penye unyevu wa ziwani, punje za ndani zinazochuja hewa huwa zimenyonya maji. Hiyo hata mkisafisha chujio itaendelea kulia. Mwiteni fundi.

Jenereta nayo iwashwe kila wiki dakika 30 ikiwa imebeba mzigo. Mara nyingi inayogoma usiku ina dizeli ya kutosha, ila betri yake imelala.

Tulipokea ajira mpya saba. Ndani ya mwaka wanne wameomba uhamisho. Tuwazuie?
*Katibu wa afya, Ruvuma*

Unaweza kukataa barua ya uhamisho ukabaki na mtu anayesaini daftari na kuondoka. Angalia wiki zao mbili za kwanza zilikuwaje. Je, kuna mtu aliyewasubiri na orodha ya vyeti halisi, leseni ya baraza, namba ya NIDA na akaunti ya benki, ili cheki namba na mshahara visichelewe kwa ajili ya karatasi moja? Posho ya kujikimu iliandaliwa kabla hawajafika, au waliambiwa warudi wiki ijayo? Kuna aliyewauliza wenzi wao wanafanya kazi mkoa gani? Wenye ndoa za mbali huonekana siku ya kwanza, na ni bora kupanga mapema kuliko kushangaa baadaye.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo, mtumishi mpya asipangwe usiku peke yake. Mtu akifiwa na mgonjwa wake wa kwanza bila wa kumuuliza, kesho yake anaandika barua.

Kuhusu chumba, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita mbele, na mshahara wa kwanza haujaingia. Nenda wewe mwenyewe, au mtume afisa utumishi akiwa na barua ya ajira yenye muhuri, amwombe mwenye nyumba apokee mwezi mmoja mmoja hadi mshahara utoke. Orodha ya nyumba za namna hiyo iandaliwe kabla majina ya ajira mpya hayajatangazwa.