Jibu: Valvu iliyokwama iripotiwe ya nini?

Ndugu, umeuliza mtambo wa nyuklia wa Buyende, hapa Uganda, ukishajengwa, kuna haja gani ya kuripoti valvu iliyokwama ikiwa hakuna aliyeumia. Haja ipo, tena kubwa. Septemba 1977, kule kwenye mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, Marekani, valvu ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikagoma kufunga. Wahudumu waliigundua mapema, wakaidhibiti. Ila funzo lile halikuwafikia wenzao wa mtambo wa Three Mile Island, hukohuko Marekani. Machi 1979 valvu kama hiyo ikakwama wazi, maji ya kupoza yakatoka, na sehemu ya kiini cha kinu cha nyuklia ikayeyuka! Hapa kwetu msimamizi ni Baraza la Nishati ya Atomiki, chini ya sheria ya 2008. Ninachotaka mimi ni fundi wa zamu asiogope kuandika hata tone la mafuta chini ya pampu.