Majina pacha katika visasili vya Ugiriki: anza na baba

Unapoanza kusoma visasili vya Ugiriki, kila mhusika mwandikie mambo matatu daftarini: jina, baba, na anakotoka. Baba usimruke, maana ndiye anayewatenganisha wenye jina moja. Washairi wenyewe humwita mtu "mwana wa fulani", pengine bila hata kutaja jina lake.

Tazama Ajax. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, wako wawili, na wote wako upande wa Wagiriki. Mwana wa Telamon alitoka Salamis na merikebu 12. Pande la mtu, na ngao yake ina ngozi saba za ng'ombe. Mwana wa Oileus alitoka Locris na merikebu 40, mwili mdogo, mbio nyingi. Wanafunzi huwachanganya hasa kwenye mwisho wao. Wa Salamis alijiua baada ya silaha za shujaa Achilles, aliyekwisha kufa, kupewa mwenzao Odysseus. Aliyemburuta Cassandra, binti mfalme wa Troy, hekaluni mwa mungu wa kike Athena ni wa Locris, naye alifia baharini akirudi kwao. Ukiandika "Ajax" tupu, dhambi ya mmoja inamwangukia mwingine.

Glaucus ni mtihani zaidi, maana jina linarudi ndani ya ukoo mmoja. Yule wa Lycia, anayepigana katika Iliad, ni mwana wa Hippolochus, mwana wa Bellerophon, mwana wa Glaucus, mwana wa Sisyphus. Anayerithi jina la babu si mgeni kwetu, ila hapa chora mti wa ukoo, usitegemee kichwa. Kando yao kuna Glaucus mwana wa Minos, aliyetumbukia kwenye mtungi wa asali akafufuliwa, na mvuvi wa Anthedon aliyegeuka mungu wa bahari.

Creon ni rahisi: wa Thebes yumo kwenye habari za Antigone, wa Corinth kwenye za Medea. Kwa Eurydice tumia mume, kwani baba hatajwi sana: mmoja ni wa Orpheus, mwingine wa huyo Creon wa Thebes.

Lakini usimgawe mtu mmoja kuwa wawili ovyo. Atalanta huitwa binti Iasus wa Arcadia, na pia binti Schoeneus wa Boeotia, na visa vyao vimeingiliana. Andika kila chanzo kinamtaja baba gani. Pylaemenes, mfalme aliye upande wa Troy, naye anauawa katika kitabu cha 5 cha Iliad, kisha katika cha 13 anaandamana na maiti ya mwanawe akilia. Wako waliodai ni watu wawili. Usimzulie pacha: andika namba za vitabu vyote viwili, uache mgongano ulivyo.