Ununue mashine ya tDCS kwanza, au utafute wa kukufundisha? Jibu langu

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: wewe ni fizio hapa Mwanza, una akiba kidogo, unataka kuingia kwenye utafiti wa kuchochea ubongo kwa waliopata kiharusi, na umeiona mashine ya tDCS, yaani ya kupitisha umeme hafifu kichwani kutoka nje, inauzwa mtandaoni. Uinunue ujifunze kwa video, au utafute kwanza mtu? Tafuta mtu. Waliotangulia kujibu wamejadili bei tu, mimi nataka tuzungumze habari ya mikono.

Kiboksi chenyewe hakina maajabu: betri, nyaya mbili, sponji mbili, umeme wa miliampia 1 au 2 kwa dakika kama 20. Nitsche na Paulus kule Göttingen walionyesha mwaka 2000 kwamba mkondo hafifu namna hiyo, ukipitishwa juu ya eneo la ubongo linaloendesha misuli, unalifanya liwe jepesi kuitikia au zito, kutegemea chanya na hasi umeziweka wapi. Basi. Haunyanyui mkono wa mgonjwa. Kinachounyanyua ni mazoezi, na hapo fizio una nafasi kubwa kuliko mtu yeyote mwenye mashine. Angalia jaribio la njia nyingine, la kuchochea neva ya vagasi (ile inayopita shingoni) kwa waliopata kiharusi, lililochapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2021. Washiriki walikuwa 108, wote wamepandikizwa kifaa na wote wakafanyishwa mazoezi makali ya mkono kwa wiki 6, ila karibu nusu tu ndio waliopata mchocheo wa kweli, ukienda sambamba na kila tendo la mkono. Hao walipanda wastani wa alama 5.0 kwenye Fugl-Meyer, kipimo cha uwezo wa mkono baada ya kiharusi, wenzao 2.4. Ina maana hata wasiochochewa walipanda. Kwa tDCS ushahidi bado unavutana, na kwa sababu hiyo inahitaji watafiti wenye mikono mizuri.

Chukua kazi ya kuweka sponji. Unapima kwa futi ya fundi cherehani, sikio hadi sikio kupitia utosini. Ikiwa ni sentimita 36, katikati ni 18, na nukta inayoitwa C3, karibu na eneo linaloendesha mkono wa kulia, iko sentimita 7.2 kushoto kwake. Kwenye video ni rahisi kabisa. Halafu anakuja mama kutoka Sengerema amesuka twende kilioni, kichwa kimepakwa mafuta. Sponji inakalia nywele, haigusi ngozi, mashine inasoma ukinzani mkubwa na inagoma. Ukizidisha maji ya chumvi yanachuruzika mpaka shingoni na umeme unasambaa nje ya ulipokusudia. Ukiyapunguza, sponji inakauka, inachoma, na ngozi inaweza kuungua. Mlezi wangu wa kwanza katika kazi hii, yaani aliyenifundisha, mama mmoja mwenye subira isiyo ya kawaida, alisimama nyuma yangu akanishika kiganja, akanionyesha jinsi ya kuachanisha nywele kwa mpini wa kitana kabla ya kukaza mkanda. Ni yeye aliyenifundisha kumpigia mgonjwa simu mapema, tukubaliane kama atafumua au atasukwa mistari inayopisha pale C3. Na hii ni sayansi kamili: watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, wametengeneza elektrodi za EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) zinazokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa kwa sababu ya tatizo hilihili.

Mlezi wangu huyo hakuturuhusu kugusa mashine kabla hatujajua kupima. Wawili mnampima mgonjwa mmoja, Fugl-Meyer ya mkono, jumla alama 66, kila mtu na karatasi yake, hakuna kuchungulia. Mkipishana alama 4, rudi juu usome lile jaribio la vagasi: tofauti ya makundi ilikuwa 2.6. Ninyi wapimaji mmeshaimeza faida yote ya mchocheo kabla ya kuwasha chochote.

Kuhusu kumpata mlezi, ningekushauri uwe na wawili. Wa mbali anakupa mbinu. Medical University of South Carolina, Charleston, ina kituo cha nyuromodulesheni kwa ajili ya utengamao (kuchochea neva na ubongo) kilichojengwa kwa fedha za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, na kufundisha watafiti kwa vitendo imekuwa sehemu ya kazi yake; fuatilia matangazo yao. Wa karibu awe mtu wa hospitali ya Bugando au chuo kikuu cha afya cha CUHAS, hapa Mwanza, anayewajua wagonjwa wetu, anayejua njia ya kamati ya maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), maana kifaa hiki hukiingizi na kuanza kumwekea mtu kichwani kwa kuwa umelipia. Nimeona walezi wanaosaini barua ya udhamini kisha simu hawapokei tena. Kabla hujakubaliana na yeyote, muulize swali moja: utakuja kuniangalia nikifanya? Akisema atakutumia slaidi, mshukuru, endelea kutafuta.

Huyo wa karibu atakusaidia pia kupanga utafiti unaotekelezeka. Ratiba za vitabuni zinataka vipindi kama 10, siku za kazi mfululizo. Mvuvi wa Ukerewe aliyepooza upande mmoja hawezi kupanda meli kutoka Nansio kila asubuhi, ashushwe, ashikiliwe mpaka kituoni. Nauli na malazi yake, pamoja na ya ndugu anayemsindikiza, viingie kwenye bajeti kabla ya mashine. La sivyo utabaki na wagonjwa wa mjini, Nyamagana na Ilemela tu, halafu uandike kwamba ni utafiti wa Kanda ya Ziwa.

Kama uko tayari kuanza na kupima, njoo PM. Tuna kikundi kidogo cha fizio, tunakutana Jumamosi, na wagonjwa wawili waliokubali tuwarekodi kwa video ili tujifunzie. Njoo na kalamu na futi.