Desemba ya Oslo: acha nyumba itulie

Mwaka wangu wa kwanza Oslo, huku Norwe, Desemba ilinishinda. Tarehe 21 jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi, na ikifika saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mimi mtu wa Tanga, nikaona dawa ni kuwasha taa zote, sebuleni mpaka chooni, na kuijaza likizo: leo tuko kwa fulani, kesho madukani, keshokutwa tunapokea wageni kumi na wawili. Januari iliponikuta nilikuwa hoi, na watoto wamenuna.

Jirani yangu, mama wa makamo, alinikaribisha kahawa siku moja. Kwake taa ya dari haikuwaka. Palikuwa na taa ndogo tatu, moja karibu na kochi, moja mezani, moja pembeni, na mshumaa dirishani. Nilijikuta nimeshusha sauti bila kuambiwa. Nilirudi nyumbani nikazima taa za dari, na tangu hapo kila Desemba jioni haziwashwi. Jaribu wiki moja tu. Mishumaa nayo, usilale ukiacha hata mmoja unawaka.

Wanorwe siku zilizo kati ya Krismasi na mwaka mpya huziita romjul, na hawazipangii mengi. Nasi tumejiwekea hivyo: jambo moja kwa siku. Tukienda kuteleza kwenye theluji, siku hiyo hatualiki mtu. Mwanzoni niliona aibu kuwakatalia ndugu na jamaa, maana kwetu mgeni hakataliwi. Siku hizi nawaambia mapema, "Karibuni tarehe 28," na hakuna aliyenuna. Manunuzi nayamaliza tarehe 23, kwa sababu tarehe 24 maduka hufungwa mapema, kisha saa kumi na moja jioni kengele za makanisa hulia kuipokea Krismasi. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu.

Kama nyumba yenu ina jiko la kuni, jifunzeni kuwasha moto kutoka juu. Mimi nilikuwa naweka karatasi chini kama mafiga ya nyumbani, sebule ikajaa moshi. Hapa magogo makubwa yanakaa chini, vijiti vikavu juu yake, na kiberiti kinapita juu kabisa. Moto unashuka taratibu, na moshi wa magogo unaungua ukipita kwenye miali. Acha tundu la hewa wazi mpaka kuni zishike vizuri. Kuni za bjørk, mti wa huku wenye gome jeupe, zilizokauka ndizo ninazozipenda. Lakini jiko la mkaa la kwetu usiliingize ndani, hata baridi iwe kali vipi. Hewa yake inaua.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni uji mzito wa mchele na maziwa, ambao wenyeji huupika mchana wa tarehe 24. Ukiinjika kwa haraka unaungua chini. Kuna njia ya kizamani: mchele na maziwa vikishachemka, unafunika sufuria, unaizungushia taulo, kisha unaivika shuka zito la kitandani na kuiacha saa mbili tatu. Uji unaiva peke yake, nawe umelala kwenye kochi. Tunakula na sukari, mdalasini na donge la siagi katikati. Mimi huongeza iliki, kwa sababu bila iliki nyumba yangu hainukii sikukuu. Ndani huwa tunaficha lozi moja; atakayeipata anapewa nguruwe wa marzipani, yaani peremende ya lozi iliyosagwa na sukari, ingawa sisi tumembadilisha kuwa kashata. Uji ukibaki, kesho yake tunauchanganya na krimu iliyopigwa.

Tarehe 31 hatutoki. Saa nne usiku kwetu, Tanga ni saa sita, kwa hiyo simu ya mama ndiyo inayotuletea mwaka mpya kwanza. Tunamweka mezani, watoto wamejifunga khanga juu ya soksi za sufu, na anatuimbia huku nyuma yake fataki zikilia. Mwanangu wa mwisho huwa ameshalala kabla mama hajamaliza ubeti wa pili.