Vinasaba vya mazao na mashamba ya Kivu: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia hapa Bukavu zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: utafiti wa vinasaba vya mazao, yaani sehemu za urithi zinazoupa mmea sifa zake, unaotajwa kila mara mvua zinapobadilika, una faida gani kwa mtu anayelima kwa jembe? Nimechagua maswali matano.

Mimi ni mkulima wa muhogo huko Walungu. Nasikia wataalamu wamesoma jenomu ya muhogo. Hilo linanisaidia nini?

Jenomu ni maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya chembe ya mmea, na rasimu ya kwanza ya jenomu ya muhogo ilitolewa mwaka 2009. Faida yake kubwa ni kuokoa muda. Muhogo hukaa shambani mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo mtafiti aliyetaka aina inayostahimili mozaiki, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, alilazimika kupanda miche mingi, kungoja ugonjwa uje, kisha kuanza upya na michache iliyosalia. Leo anaweza kuchukua kipande cha jani la mche mchanga, akapima alama ya vinasaba inayoambatana na ustahimilivu huo, na kuiondoa miche isiyo nayo kabla haijamaliza nafasi shambani. Ijulikane pia kwamba aina moja muhimu ya ustahimilivu huo, ambayo kinasaba chake kilitambuliwa mwaka 2022, ilipatikana katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Haikubuniwa na maabara. Ndiyo maana nawasihi mnaolima bado mihogo ya wazee wenu msiiache ipotee.

Je, mbegu zinazotokana na utafiti huo ndizo zile zilizobadilishwa vinasaba? Nitalazimika kuzinunua kila msimu? (Kabare)

Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, lakini ni tofauti. Anayesoma vinasaba ili kuchagua wazazi wa mbegu anafanya kazi ileile ya mama anayeweka kando maharage bora ya kupanda, ila yeye anaona ndani zaidi. Kubadilisha vinasaba ni kuingiza au kukata kinasaba katika maabara, na mbegu ya namna hiyo inastahili kuchunguzwa kwa taratibu zake. Kuhusu kununua, tazama zao lenyewe. Maharage hujichavusha, kwa hiyo uliyovuna hubaki na sifa za uliyopanda, mradi uchague maganda ya mimea mizima. Mahindi chotara, yaani yaliyozaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti, hayabaki vile, kwa hiyo mbegu yake hununuliwa upya.

Migomba yangu huko Kalehe inanyauka. Hakuna aina isiyougua?

Nasikitika kusema kwamba hakuna mgomba tunaoulima, uwe wa ndizi za kupika, za kula mbivu au za kasiksi (pombe ya ndizi), unaoweza kuukinga kabisa mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu uliripotiwa Ethiopia mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana Uganda na Masisi, Kivu Kaskazini, kisha ukatufikia. Jenomu ya mgomba ilichapishwa mwaka 2012, na imethibitika kwamba mgomba-mwitu uitwao *Musa balbisiana* unaustahimili. Watafiti wanachunguza ni vinasaba gani vinavyoupa nguvu hiyo. Huko Uganda, migomba iliyopewa vinasaba vya pilipili hoho ilistahimili katika mashamba ya majaribio. Hata hivyo, migomba tunayokula karibu haitoi mbegu, kwa hiyo kuichanganya kwa uchavushaji ni kazi ya miaka mingi, na shamba lako haliwezi kungoja.

Uchunguzi wa namna bakteria anavyosafiri ndani ya mmea umetupatia njia inayofanya kazi sasa: haenei kwa wakati mmoja katika machipukizi yote ya kitako kimoja, yaani migomba iliyoota pamoja kutoka shina moja la ardhini. Kata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, na uyaache mengine. Utalitambua kwa majani ya manjano yaliyolegea, ndizi zinazoiva kabla ya wakati na zenye madoa ya kahawia ukizipasua, na ute wa manjano unaotoka penye jeraha. Kabla ya kugusa mgomba mwingine, pitisha panga kwenye moto au lichovye katika maji ya Javel (dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu). Chane ya mwisho ikishajitokeza, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, kwa sababu wadudu huleta ugonjwa kupitia hapo. Kagua kila wiki, na uwashawishi majirani wafanye vivyo hivyo, maana uzembe wa shamba moja huambukiza kilima kizima.

Mpunga wetu wa bonde la Ruzizi huzama maji yakifurika. Kuna dawa?

Kuna mfano mzuri. Kinasaba kiitwacho *Sub1A*, kilichotambuliwa mwaka 2006 katika mpunga wa India, huuwezesha mmea kuishi chini ya maji kwa takriban wiki mbili. Kiliingizwa kwa uchavushaji katika aina ambazo wakulima walikuwa tayari wanazipenda. Kwetu, kazi hiyo ianze na mpunga ambao wanunuzi wa Uvira na Bukavu wanautaka.

Nauza chakula Kadutu. Maharage mapya yanazaa sana, lakini yanamaliza makala yangu. Mlifikiria hilo?

Mama, swali lako ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Muda wa kuiva ni sifa inayorithiwa. Mbegu za aina mbili zilizolimwa katika udongo mmoja zinaweza kupishana sana jikoni, na jenomu ya maharage, iliyochapishwa mwaka 2014, inasaidia kutafuta sehemu zinazohusika. Maharage tayari yana sifa kwa upande wa hali ya hewa, kwani bakteria wa mizizini huyapatia naitrojeni ya hewani, kirutubisho cha mimea, hivyo hupunguza haja ya mbolea za viwandani zenye naitrojeni, ambazo huachia gesi inayopasha joto dunia takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Lakini aina inayoongeza gunia shambani huku ikidai miti zaidi ikatwe kwa makala haijakamilika. Ningependa watafiti wa vituo vya kilimo vya Mulungu na Kalambo wawaite akina mama wanaopika wakati aina bado ni nyingi mezani, wakae nao wakiwa na sufuria na saa, kabla ya kuchagua ipi izidishwe.