Hesabuni majina kabla hamjamfungia O'Connell

Wadogo zangu wa dawati la michezo, wiki hii nimepitia skripti tatu mlizoandika juu ya Patrick O'Connell, mwanasoka wa zamani aliyekuja kuwa kocha, na zote zimenitonesha kidonda. Nawapenda, lakini mnachosha.

1. Kabla hujaandika "Jamhuri ya Ireland", tazama mwaka. Mzaliwa huyu wa Dublin alipoichezea Ireland iliyotwaa ubingwa wa mataifa ya nyumbani (England, Scotland, Wales na Ireland) mwaka 1914, kisiwa kilikuwa hakijagawanywa. Basi.

2. Hesabu majina. Hapa mnivumilie.

Ijumaa Kuu, Aprili 2, 1915, Manchester United waliokuwa wakikwepa kushuka daraja waliifunga Liverpool 2-0 pale Old Trafford. Kumbe kuna watu walikuwa wamesuka mikeka ya 2-0 hiyo hiyo, kwa malipo ya saba kwa moja. O'Connell, nahodha wa United, alipewa penalti akapiga nje kabisa. Mimi, nilipokuwa na miezi minne tu redioni, nikajumlisha: nahodha, penalti nje, kesi ya kupanga matokeo. Jibu likaja: kafungiwa soka maisha. Nikalisoma hewani Jumamosi asubuhi kwa sauti nzito ya hakimu, hadi fundi mitambo akaninyooshea dole gumba.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu. "Mwanangu, hongera kwa kipindi. Hebu nisomee waliofungiwa kwa kesi hiyo." Nami, kwa kiherehere, nikasoma. Wa United: Turnbull, Whalley, West. Wa Liverpool: Sheldon, Miller, Pursell, Fairfoul. "Wangapi hao?" Saba. "O'Connell ni wa ngapi?"

Nikaipekua karatasi kama mtu aliyedondosha nauli. Karatasi ilikuwa mbele yangu tangu jana yake! Majina nilikuwa nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ila sikuyasoma, kwa sababu hadithi niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa tamu zaidi. Kimya cha redio, ninyi mnakijua. Fundi mitambo akapiga tangazo la sabuni bila kuambiwa. Jumamosi iliyofuata nikafungua kipindi kwa kumwomba radhi marehemu, mhariri amesimama nyuma ya kioo, mikono kifuani.

Mtu kukosa penalti si kutiwa hatiani. Kukosa kwake kulitia watu shaka, lakini katika waliofungiwa hayumo. Ningekuwa na mhuri ningewagongea hilo kwenye paji la uso.

3. Neno "bahati" mnalolipachika kwenye ubingwa wake na Betis ya Hispania lifuteni. Aliifundisha Racing Santander kuanzia 1922 hadi 1929, akapita Oviedo, ndipo akatua Betis. Aprili 28, 1935, siku ya mwisho ya ligi, Betis wanahitaji ushindi, na mechi iko wapi? Santander, kwa waajiri wake wa zamani. Wakashinda 5-0, wakamaliza pointi moja mbele ya Madrid. Betis hawajatwaa ligi nyingine hadi leo.

4. Mkiandika ziara ya Barcelona ya 1937, Mexico na Marekani, yeye akiwa kocha wao, fedha ziliiokoa klabu, lakini wachezaji wengi hawakurudi Hispania kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Na kocha mwenyewe alifia London mwaka 1959, fukara. Msikatie hadithi kwenye makofi.

Mwalimu bado hupiga simu. Juzi alitaka kujua nani kaandika kwamba bingwa wa 1935 ni Sevilla badala ya Betis. Nimempa namba ya dawati lenu.